Bafu la Bi Kidawa Laingia Katika Historia

Iko nchi inaitwa Kwalala. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake ilichorwa na kamati, na kila mjumbe aliivutia upande wa kwao mpaka karatasi ikachanika. Katika nchi hiyo alikuwapo bibi mmoja, Bi Kidawa, na Bi Kidawa alikuwa na bafu.

Halikuwa bafu la kumwonyesha mgeni. Lilikuwa ua wa makuti, fito zimefungwa kwa kamba za usumba wa nazi, jiwe bapa la kusimamia katikati, kifereji cha kutolea maji mpaka kwenye migomba, na kibao cha sabuni ambacho kuku mmoja mwekundu alikwisha kukizoea, akawa anataga hapo. Juu kweupe. Ukioga unamwona kunguru, na kunguru anakuona. Lakini lilikuwa bafu pekee la makuti lililobaki nchini, na sababu yake ni hii.

Miaka ya nyuma kidogo Serikali iligundua kwamba mabafu ya makuti ni aibu kwa wageni wanaopita juu kwa ndege. Mgeni anainama dirishani atazame nchi nzuri, anakutana na mtu anajisugua mgongo. Basi likatoka tingatinga la Wizara ya Mabafu, Mvuke na Heshima, likapita nyumba kwa nyumba likibomoa, huku kipaza sauti kikiwashukuru wananchi kwa ushirikiano wao. Lilipofika uani kwa Bi Kidawa likaishiwa mafuta. Dereva akasema anakwenda kutafuta mafuta na atarudi sasa hivi. Mpaka leo hajarudi, na mtaa mzima ukawa unaoga kwa Bi Kidawa, foleni tangu alfajiri, watu na ndoo zao na miswaki mdomoni.

Sasa mjukuu wake, Saumu, akajifungua mtoto wa kike. Uzazi ulikuwa mgumu, mtoto alikuja na mabega mapana. Na mtu aliyejifungua, kwa desturi ya huko, hukandwa. Maji yanachemshwa na majani, yanabebwa yanafuka, kitambaa kizito kinachovywa, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni, kiunoni, mgongoni, asubuhi na jioni, mpaka arobaini itimie. Ndipo damu mbaya inatoka, tumbo linarudi, maziwa yanashuka. Bi Kidawa alikuwa amewakanda wanawe wote na wajukuu kadhaa, na hakuna aliyebaki na tumbo la kudundadunda.

Saumu alikuwa kitandani anatetemeka. Tumbo limevimba na kukaza, maziwa yamegoma, na mtoto analia mpaka sauti inakwama. Bi Kidawa akachochea kuni, maji yakachemka, akayaepua kwa matambara, akatoka nayo uani. Akakuta bafu lake limezungushiwa kamba nyekundu, na askari amesimama mbele.

"Shikamoo, bibi," akasema askari.

"Marahaba. Hebu sogea mwanangu, nimebeba moto."

"Hupiti, bibi. Hili si bafu tena."

"Ni nini?"

"Ni Kumbukumbu Namba Moja ya Taifa."

Nyuma ya askari akatokea bwana mmoja wa suti na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Huyo alikuwa Profesa Chamosi, Mwenyekiti wa Tume ya Historia ya Mabafu ya Dola. Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti, kwamba Jubilei ya Taifa imekaribia, kwamba fahari ya Kwalala ni mabafu ya viongozi wake, na kwamba kila fahari lazima iwe na asili yake.

"Tumetafuta bafu la asili nchi nzima, mama," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Tumezunguka mikoa yote. Hatukuona hata moja. Sijui wananchi wameyapeleka wapi."

"Mliyabomoa nyinyi."

"Ubomoaji ni ghorofa ya chini. Sisi ni Uhifadhi, tuko ghorofa ya juu. Hatuonani."

"Haya, hifadhini," akasema Bi Kidawa, mikono inaanza kuungua. "Na mimi nimkande mtoto wangu humo humo ndani."

"Haiwezekani. Bafu likiloa, historia inaoza."

"Na bafu lisiloloa linaitwaje?"

"Linaitwa urithi," akasema Profesa, akatabasamu vile wanavyotabasamu watu waliosoma sana wakikutana na mtu aliyechoka.

Bi Kidawa akarudi na sufuria lake ndani. Akajaribu kumkanda Saumu chumbani. Sakafu ilikuwa ya udongo, ikageuka tope, maji yakaingia chini ya kitanda, mkeka wa mtoto ukaloa, na ukumbini wapangaji wanaume wakawa wanapita na kukohoa kwa adabu. Saumu akaona aibu, akajikunja, akakataa kufunguliwa kanga.

"Bibi, basi. Niache tu."

"Sikuachi," akasema Bi Kidawa. "Ngoja niwaendee."

Akavaa viatu vyake vya kwendea harusini, akaenda Wizarani.

Wizara ya Mabafu, Mvuke na Heshima ni jengo refu, na halina choo kwa wananchi. Bi Kidawa akapelekwa dirisha la Mvuke, Mvuke wakampeleka Heshima, Heshima wakasema jambo lenye maji ya moto ni la Mvuke. Mwishoni akapokelewa na karani kijana aliyekuwa akila karanga kutoka kwenye droo.

"Tatizo lako nini, mama?"

Akamweleza. Karani akasikiliza vizuri sana, akameza, akauliza:

"Kwa nini hakungoja Jubilei ipite?"

"Nani?"

"Huyo mzazi."

Bi Kidawa akamtazama karani, akatazama karanga, akavuta pumzi. "Mwanangu, mama yako alikungojea wewe umalize shughuli zako?"

"Tusiingize mambo ya wazazi ofisini," akasema karani. "Ninachoweza kukupa ni ruhusa ya kuoga kikavu. Mnaingia, mnasimama kwenye jiwe kwa heshima, mnatoka. Hakuna maji, hakuna sabuni, hakuna kujikuna."

"Na kukanda?"

"Kwa mawazo, sawa."

"Nani mwenye uwezo wa kunipa maji?"

Karani akaonyesha juu kwa kidole, na kwa Kwalala kidole hicho si cha Mungu. Bi Kidawa akaenda Ikulu.

Ikulu ya Kwalala ina ajabu moja ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja: haina vyumba. Ina mabafu. Asili yake ni kwamba kila kiongozi huamini kuwa akioga alipooga mwenzake aliyeangushwa, naye ataangushwa, kama mtu anavyoambukizwa upele. Kwa hiyo jambo la kwanza akiapishwa ni kujenga bafu lake. Nafasi ikikosekana, kinabomolewa chumba. Ilianza kwenda maktaba, ikaja zahanati, yakafuata malazi ya wageni na ukumbi wa mikutano, likamalizikia jiko.

Mpambe mmoja, Bwana Sheweji, mtu mpole mwenye soksi nyeupe, akampitisha Bi Kidawa humo huku akieleza, maana hata mwenye shida Ikulu lazima aelimishwe kwanza.

"Hili ni la Gavana wa kigeni," akasema. Hodhi la chuma lenye miguu ya simba, kucha zimetoka, limesimama kwenye sakafu ya mbao. Ukutani kengele ya kumwita mtu aje kumsugua bwana mgongo. "Hili linalofuata ni la Rais wetu wa Kwanza. Yeye alikataa hodhi kwa sababu ya uhuru."

"Na kengele?"

"Kengele aliichukua."

Rais wa Kwanza alitaka bafu la kiasili, la majumba ya mawe ya matajiri wa zamani. Kuta nene za chokaa, zidaka za ukutani za kuwekea marashi zimechongwa maua kwa ncha ya kisu, na birika kubwa pembeni lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Samaki walikwisha kufa zamani, lakini walikuwa watumishi wa Serikali, na posho yao bado inatoka.

Bafu la Rais wa Pili, aliyekuwa mwanajeshi, lilikuwa la marumaru nyeusi, halina dirisha, mlango wa chuma, na mabomba yake yana umbo la bastola. Ukitaka maji unavuta kifyatulio. Alioga humo na buti.

La Rais wa Tatu lilikuwa na kuba. Bi Kidawa akainua uso akaona vitundu vya kioo, chekundu na kijani na buluu, vimetobolewa kama nyota, mwanga unashuka kwa mistari. Alikubali moyoni kwamba ni pazuri. Sakafu ilikuwa ya kupashwa moto kutoka chini, kwa tanuri.

"Mjenzi alisahau kuweka mlango wa mchochea kuni," akasema Bwana Sheweji kwa fahari, "na mchochea kuni alikuwa ndani. Walimpitishia chakula kwa bomba la moshi mpaka akastaafu."

"Akatoka?"

"Alistaafu, mama," akasema Bwana Sheweji. "Tupite."

Ndipo wakafika kwenye Bafu Kuu la Mtukufu Rais Mabruki. Lilikuwa ukumbi. Nguzo, vioo, taa za kuning'inia mfano wa mashada ya zabibu, mabomba ya dhahabu ukutani kama pembe za ng'ombe wa mahari. Katikati kidimbwi cha marumaru nyeupe chenye ngazi, kikubwa cha kuogea kijiji. Kikavu kabisa. Humo ndani, kwa kuwa ukumbi wa mikutano ulikwisha kubomolewa, Baraza la Mawaziri lilikuwa likikutana. Mawaziri wakubwa wameketi kwenye ngazi za juu, wadogo wameshuka kwenye kina kirefu, na wanapotaka kuchangia hoja hunyanyua mkono na kuruka ili waonekane.

Bi Kidawa, ambaye maisha yake yote alikuwa akitazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, akasogeza pazia la hariri kwa kidole. Nyuma yake ilikuwapo ndoo ya plastiki, na kopo lililokatwa kutoka kwenye kidumu cha mafuta ya kula.

"Funika, funika," akanong'ona Bwana Sheweji. Akaeleza kwamba kila bafu liliungwa kwenye bomba la bafu lililotangulia. Maji yanaanzia kwa Gavana, yanapita kwa wote, na yakifika kwa Mtukufu huwa yamechoka. Yanadondoka tone, yanapumzika, yanadondoka tone.

"Nani huyo?" ikauliza sauti laini. Mtukufu Mabruki alikuwa ameketi ukingoni mwa kidimbwi, miguu inaning'inia.

Bi Kidawa akasimama wima, akaeleza shida yake toka mwanzo: mjukuu, uzazi, tumbo, kamba nyekundu, Profesa, karanga. Mawaziri wakapiga miayo. Bi Kidawa alipotaja maji, Mtukufu akashtuka.

"Umesema maji ya moto? Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni, mwanangu."

Kidimbwi kizima kikakohoa. Hakuna aliyewahi kumwita Mtukufu mwanangu.

"Arobaini nzima? Na mtu mwingine ndiye anayekumwagia?"

"Anakumwagia, anakukanda, anakufunga mkaja tumboni, anakupa uji wa pilipili manga."

Mtukufu akatazama lile pazia. Uso wake ukawa wa mtoto aliyenyimwa. "Mimi," akasema polepole, "napewa ndoo."

Hapo Waziri wa Sifa akainuka kwenye ngazi ya juu, akafunga kifungo cha koti. "Mtukufu! Katiba inasema wewe ni nani?"

"Baba wa Taifa."

"Na Taifa hili limezaliwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi, ndugu Mawaziri, mzazi ni nani?"

Makofi yakavuma kidimbwini kama mvua ya mawe kwenye bati. Waziri wa Afya akathubutu kuuliza kutoka chini kama Mtukufu alipata uchungu. Akajibiwa kwamba aliupata wakati wa uchaguzi.

"Jamani," akasema Bi Kidawa, "mimi sikuja kwa ajili ya huyu. Nina mtoto ndani anatetemeka tangu juzi. Nipeni bafu langu tu, niende zangu."

"Atafuata kwenye foleni," akasema Mtukufu kwa wema mkubwa. "Mzazi wa Taifa kwanza. Kesho utanikanda mimi."

Bi Kidawa hofu hakuwa nayo. Alikuwa na ile hasira ya mtu aliyeeleza jambo moja kwa watu wengi, na kila mmoja akalipokea na kulifanya lake. Kisha akasema mzazi hakandwi mahali ambapo maji hayana pa kwenda, kwa hiyo itabidi akandiwe bafuni kwake, na kamba nyekundu iondolewe.

"Iondolewe," akasema Mtukufu.

"Na wanaume hawasogei penye mzazi anakandwa. Hata kama analia. Hasa kama analia."

"Iwe sheria!"

Waziri wa Sheria akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama Mtukufu mwenyewe si mwanamume. Akahamishiwa kina kirefu.

Asubuhi yake ua wa Bi Kidawa haukutambulika. Zulia jekundu lilipita katikati ya mafiga. Bendi ya jeshi ilipangwa ubavuni mwa bafu, bendera ikasimikwa upande wa barabarani, mabalozi wakakalishwa kivulini, na Waziri wa Misitu alileta kuni mwenyewe, za mninga, zikichochewa chini ya sufuria kubwa kama la karamu. Kuku mwekundu alikamatwa kwa usalama. Profesa Chamosi alizunguka zunguka akimwomba kila mtu asiguse kuti. Wanawake wa mtaani walisimama ukutani, mikono kiunoni, na chumbani Saumu alisikia yote kwa dirisha, mtoto kifuani, bado hakuna maziwa.

Mtukufu akaja amejifunga shuka nyeupe, nishani zote zimebandikwa shukani. Akahutubia.

"Wananchi! Nimewabeba. Nimewatapikia. Nimewazaa kwa shida, na sasa nakandwa kwa niaba yenu. Kila tone litakalonigusa ni lenu!"

Wananchi wakashangilia, maana walikuwa hawajapata tone kwa muda mrefu.

Akaingia bafuni. Bi Kidawa akamfuata na ndoo inayofuka. Akamsimamisha kwenye jiwe, akamwambia ashike fito. Akapima maji kwa kiwiko, kama alivyofundishwa na bibi yake. Hakuongeza moto, hakupunguza. Yalikuwa maji yale yale aliyokandwa nayo yeye, na mama yake, na kila mwanamke wa mtaa ule. Akachovya kitambaa, akakamua, akabandika.

Ukelele ule ulisikika bandarini.

Walinzi wakakurupuka, wakafika mita chache na bafu, wakasimama ghafla. Kamanda akakumbuka sheria. Mwanamume hasogei, hasa kama mzazi analia. Wakasimama na bunduki zao wakisikiliza.

"Bado kidogo, mwanangu," sauti ya Bi Kidawa ikatoka ndani. "Hii ni ya kwanza tu. Bado kiuno."

Mtukufu hakungoja kiuno. Aliupanda ua wa makuti, fito zikalia, na upande mzima ukaanguka naye juu ya bendi. Mkuu wa bendi, ambaye maisha yake yote alifundishwa kwamba Rais akitokea unapiga wimbo, akapiga Wimbo wa Taifa.

Sasa, sheria kuu ya Kwalala ni kwamba Wimbo wa Taifa ukipigwa au ukiimbwa hakuna mwanamume anayetikisika, wote wanaigeukia bendera, na atakayesogeza hata unyayo ni mhaini. Na wimbo wenyewe ni mrefu, maana kila kiongozi aliongeza ubeti wake. Mabalozi wakasimama. Walinzi wakageuka. Mtukufu mwenyewe, shuka linachuruzika, nishani moja imeng'ang'ania kuti, akasimama wima akiitazama bendera, kwa sababu yeye ndiye aliyetia saini sheria hiyo.

Bi Kidawa akachungulia. Wanaume wote wa dola walikuwa wamempa mgongo. Sufuria lilikuwa bado linafuka.

"Saumu!" akaita. "Njoo. Mshikieni mtoto. Mwanakombo, leta kanga, zibeni hapa palipoanguka. Haraka, jamani!"

Jirani yake Mwanakombo na wenzake wakaja mbio kwenye zulia, sheria ikiwa haijawahi kuwafikiria wao, wakazishika kanga zao kama ukuta. Saumu akaingia akijikokota, akashika fito zilizobaki. Kitambaa cha kwanza kilipofika tumboni aliuma midomo, machozi yakamtoka, akapiga jiwe kwa mguu. Cha pili akaguna. Cha tatu akashusha pumzi ambayo Bi Kidawa alikuwa akiingojea tangu mtoto azaliwe, na damu ikaanza kufuata kifereji kuelekea migombani.

"Bibi," akasikika Profesa Chamosi akinong'ona kwa pembe ya mdomo, shingo imekakamaa kuelekea bendera, "shusheni hizo kanga. Mnaziba historia."

"Tumbo linalainika," akasema Bi Kidawa. "Geuka, mama. Nipe mgongo."

Nje bendi ilikuwa imemaliza ubeti wa Gavana, wa uhuru, wa buti, wa kuba, na sasa imeingia ubeti wa Mtukufu mwenyewe, ambao ndio wa mwisho. Bi Kidawa alikuwa bado hajagusa kiuno. Hajakanda matiti. Nusu ya maji ilikuwa bado kwenye sufuria. Akasikia tarumbeta inapanda ile sehemu ya kumalizia, akasikia viatu vya walinzi vikianza kujiandaa.

"Wanamaliza," akasema Mwanakombo.

"Hawamalizi," akasema Bi Kidawa, akachovya kitambaa. "Anzeni tena."

"Nini?"

"Wimbo. Toka mwanzo. Mnaujua, si mmefundishwa wote."

Tarumbeta ikanyamaza. Mtukufu Mabruki akainua mguu apige hatua ya kwanza. Hapo nyuma ya kanga, sauti za wanawake wa mtaa mzima, hazilingani wala hazina bendi, zikaanza ubeti wa kwanza wa Wimbo wa Taifa, taratibu kuliko ulivyowahi kuimbwa.

Mtukufu akaurudisha mguu chini.